Nani ana haki ya kulishwa na wewe: matumizi ya mke, watoto, wazazi na ndugu kwa fiqhi ya Kishafii

Mshahara ukitoka tarehe 28, simu huanza kuita. Mama anataka dawa za presha, mdogo wako anadaiwa ada ya chuo, shemeji amekwama kodi ya nyumba, na mke tangu juzi amesema unga umekwisha. Mwenye mshahara huyaita yote majukumu, akayatia kapu moja, kisha akagawa kwa kuangalia nani amelalamika zaidi. Fiqhi haifanyi hivyo. Inatenganisha deni, haja na hisani, na kila kimoja kina masharti yake, kipimo chake na wakati wake wa kuanguka. Nyumba nyingi zinaingia kwenye ugomvi kwa sababu hisani imelipwa kabla ya deni, au deni limelipwa huku mlipaji akidhani anafanya hisani.

Tunachoeleza hapa ni madhehebu ya Imamu Shafii, kwa kuwa ndiyo wanayofuata Waislamu wengi wa pwani yetu, tangu Lamu na Mombasa, Unguja na Pemba, hadi Kilwa na Ngazija. Hukumu nyingi zilizomo humu ni za Minhaji ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), kitabu ambacho makadhi wa pwani wamekitegemea kwa vizazi vingi. Sheria za nchi zina yake, na tutayataja pale yanapogusana.

Sababu zinazomlazimu mtu kumlisha mwingine ni tatu: ndoa, nasaba na milki. Ya tatu leo imebaki kwa wanyama tu, lakini hukumu yake inafaa kukumbukwa na wafugaji: mwenye mnyama asiyemlisha, kadhi humlazimisha amlishe, amuuze, au amchinje ikiwa ni wa kuliwa. Zilizobaki mbili ndizo zinazotuchanganya.

Matumizi ya mke

Matumizi ya mke, au huduma kama wanavyosema Zanzibar, ni haki inayotokana na mkataba wa ndoa. Hayategemei umaskini wa mke. Mwalimu anayepokea mshahara mkubwa kuliko wa mumewe ana haki yake kamili, na mshahara wake unabaki mali yake. Akichangia nyumbani kwa hiari, ametoa. Akitaka mchango wake uhesabiwe kuwa mkopo, aseme hivyo mapema na mume akubali.

Haki hii haianzi kwa akidi, yaani kufungwa kwa nikahi, peke yake. Inaanza mke anapojisalimisha kwa mumewe, yaani hakuna kizuizi upande wake cha kuishi naye. Hili lina maana kubwa kwa desturi yetu ya kufunga nikahi leo na kufanya harusi baada ya miezi. Kama mke na wazee wake ndio walioomba muda, mume hadaiwi kitu kwa muda huo. Kama mke amesema yuko tayari na mume ndiye anayeahirisha, matumizi yanahesabika tangu siku aliyopata habari. Na kama mume yuko mbali, tuseme Maskati, mke humweleza kadhi, kadhi humwandikia kadhi wa huko amfahamishe mume. Ukipita muda ambao angeweza kufika au kumtuma wakili wake, asifanye hivyo, kadhi humpitishia matumizi.

Sasa kipimo. Aya ya 7 ya Surat At-Talaq inamtaka mwenye wasaa agharimu kwa kadiri ya wasaa wake, na aliyebanwa riziki atoe katika alichopewa na Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo chakula cha mke hupimwa kwa hali ya mume, si ya mke. Mume mwenye dhiki anadaiwa kibaba kimoja kwa siku cha chakula kikuu cha mji, wa wastani kibaba kimoja na nusu, mwenye wasaa vibaba viwili. Pishi moja ni vibaba vinne, na pishi ya zakatul-fitri hukadiriwa kilo 2.5, kwa hiyo kibaba ni kama gramu 625. Kwa siku 30 inakuwa karibu kilo 19 kwa mwenye dhiki, kilo 28 kwa wa wastani, na kilo 37 na nusu kwa mwenye wasaa. Huyo ni mke peke yake, bila watoto.

Wengi wakisikia kilo 37 hushangaa, kwani hakuna mtu anayekula kiasi hicho. Jibu ni kwamba mke anamilikishwa. Kikishaingia mkononi mwake ni chake: anakula, anauza, anampa mamake, na mume hana ruhusa ya kuuliza kimekwenda wapi. Gharama ya kusaga na kupika nayo iko juu ya mume. Fedha badala ya chakula zinafaa wakiridhiana, lakini hakuna anayemlazimisha mwenziwe.

Nani ana dhiki na nani ana wasaa? Kuna kipimo kizuri sana. Anayestahiki kupewa zaka kwa umaskini wake ni mwenye dhiki. Aliye juu ya hapo huulizwa: akitakiwa vibaba viwili kila siku, je, atarudi kwenye umaskini? Akirudi, ni wa wastani. Asiporudi, ana wasaa. Na hali hiyo huangaliwa kila siku alfajiri, kwa hiyo mvuvi aliyepata samaki wengi msimu wa kaskazi na kukosa msimu wa kusi hadaiwi kiwango kimoja mwaka mzima. Mwenye wake wawili hampi mmoja vibaba viwili na mwingine kimoja, kwa kuwa kinachopimwa ni hali yake yeye, na yeye ni mmoja.

Juu ya chakula kuna kitoweo, ambacho hakina kipimo maalumu. Kadhi hukadiria kwa ada ya mji na hali ya mume, na hubadilika kwa msimu. Nguo hutolewa mara mbili kwa mwaka, kila mwanzo wa miezi sita: vazi la mwili, suruali, mtandio na viatu, kwa aina inayovaliwa na wake wa watu wa hali ya mume huyo. Zikichakaa kabla ya miezi sita, mume halazimiki kuzirudishia. Zikidumu zaidi, mke bado anapata mpya muda ukifika. Kuna godoro au mkeka na shuka, vyombo vya kupikia na kulia, na vya usafi: sabuni, mafuta, kitana. Hina, wanja na manukato havimo, isipokuwa mume mwenyewe anataka mke ajipambe navyo, hapo avinunue.

Nyumba inapimwa kinyume: kwa hali ya mke. Lazima iwe inayomfaa mtu kama yeye, ingawa si lazima iwe mali ya mume. Ya kupanga inatosha. Hapo ndipo wengine hukosea, wakamtoa binti kwenye nyumba ya vyumba vya kutosha wakamweka chumba kimoja chenye choo cha wapangaji wanane, kisha wakasema ndiyo hali yangu. Hali ya mume inatetea kibaba kimoja, haitetei nyumba isiyomstahiki mke.

Matibabu yanahitaji maelezo ya wazi. Vitabu vya zamani vya madhehebu vinasema dawa na ujira wa tabibu si wajibu wa mume kwa mkewe, ingawa mke akiugua chakula na kitoweo chake kinaendelea. Wanazuoni wengi wa zama hizi wamesema matibabu sasa ni sehemu ya mahitaji ya lazima, kwa kuwa ugonjwa wa siku moja hospitalini unaweza kugharimu kuliko chakula cha mwezi, na ada imekwishabadilika. Kauli hii ndiyo tunayoiona sawa. Mume anayesoma kauli ya zamani ili akwepe gharama ya kujifungua kwa upasuaji anaishika fiqhi pembeni. Anayejua jambo hili huandika bima au gharama za uzazi katika makubaliano ya ndoa, na mlango wa ubishi unafungwa.

Na hizi hesabu za vibaba, mbona hatuzioni majumbani? Kwa sababu mke mwenye akili timamu na rushdi, yaani anayejua kuendesha mali yake, akila pamoja na mumewe kwa kutosheka, kama ilivyo ada, haki yake ya chakula cha siku hiyo imeshalipwa. Kipimo hutoka kabatini wanapogombana, mume anaposafiri, au anapoacha kutoa.

Kuanguka na kutoanguka

Hapa kuna tofauti ambayo imewapotezea haki wanawake wengi.

Matumizi ya mke yasipotolewa hugeuka deni. Yanakaa shingoni mwa mume mwezi baada ya mwezi, yawe yameamuliwa na kadhi au hayajaamuliwa, na hayaanguki kwa kupita muda. Matumizi ya mtoto na ya mzazi ni kinyume: yamewekwa kuondoa haja ya siku hiyo, na siku ikipita yameanguka. Hayawi deni ila kadhi ameyapitisha, au ameruhusu yakopwe kwa jina la mwenye wajibu kwa kuwa hayupo au amekataa.

Chukua mume aliyeondoka miezi 14 bila kutuma kitu, akamwacha mke na watoto wawili. Mke akienda mahakamani leo, miezi 14 ya kwake ipo. Miezi 14 ya watoto, aliyoibeba kwa kuuza maandazi na kukopa dukani, kwa hukumu ya asili haipo. Angekwenda kwa kadhi mwezi wa kwanza akapata amri au ruhusa ya kukopa, yote yangekuwa deni. Ndiyo maana ushauri wa kumwambia mama avumilie mpaka mume arudi unaweza kumgharimu mamilioni. Avumilie ndoa akitaka, lakini amri ya watoto aiombe mapema.

Kama mume ana mali nyumbani, kuna njia nyepesi zaidi. Hindi, mke wa Abu Sufiani, alimlalamikia Mtume kuwa mumewe ni bahili, hampi ya kumtosha yeye na mwanawe. Mtume akamruhusu achukue kwa wema kinachomtosha yeye na mwanawe. Hadithi hiyo imo kwa Bukhari na Muslim. Mpaka wake ni neno kwa wema: kiasi cha haja, kisizidi.

Nushuzi, yaani mke kutoka katika utiifu wa ndoa bila udhuru, huyaangusha matumizi kwa muda wake, akirejea, yanarejea. Kutoka kwenye nyumba inayotaka kuporomoka, au kukimbia kipigo, si nushuzi. Na mume hajifanyii hukumu. Kusema kwa simu kuwa umeniasi, basi sitoi, hakufuti kitu mpaka lithibiti.

Mume maskini na mume mkaidi

Watu huwachanganya hawa wawili, na hukumu zao ziko mbali.

Maskini ni yule asiyeweza kutoa hata kibaba kimoja. Mke akitaka anasubiri, na kinachokosekana kinaandikika kuwa deni. Asipotaka, anaomba faskhi, yaani ndoa ivunjwe, kwa kadhi. Umaskini lazima uthibitishwe, kisha mume hupewa muhula wa siku tatu, na asubuhi ya siku ya nne mke ana haki ya kufasikhi. Kama anatoa kibaba kimoja na mke alizoea viwili, hakuna faskhi.

Mkaidi ni mwenye mali anayekataa. Kwa kauli sahihi zaidi ya madhehebu, mke hapati faskhi kwa ukaidi huo, kwa sababu haki yake inapatikana: kadhi humlazimisha mume na kuiendea mali yake. Kwa hiyo mke anayefungua shauri achague mapema anachodai. Akija kusema mume wangu hana kitu huku akileta picha za duka lake la vipuri, shauri linajivunja lenyewe. Adai amri ya malipo na kushikwa kwa mali, na kama kuna madhara mengine, ayalete kwa jina lake.

Talaka nayo ina ngazi. Mke aliye katika eda ya talaka rejea, ambayo mume bado anaweza kumrudia, anapata yote, chakula, nguo na nyumba, isipokuwa vifaa vya usafi. Aliyeachwa talaka isiyo na rejea anapata nyumba tu, ila akiwa na mimba: hapo matumizi yake yanarudi kamili mpaka ajifungue. Mjane hana matumizi katika miezi minne na siku kumi, hata akiwa na mimba. Ana haki ya kukaa katika nyumba. Jamaa wanaomfungia mjane vyumba wiki ya msiba wanavunja haki ambayo ipo kabla ya mirathi kugawanywa.

Wazazi na watoto

Nasaba inalazimisha kwenda juu na chini tu: wazazi, babu na bibi, watoto, wajukuu, hata wakiwa mbali kiasi gani, wake kwa waume, na hata dini zikitofautiana. Mtoto aliyesilimu bado anamlisha mama yake Mkristo aliye maskini.

Mwenye wajibu ni yule aliyebakiwa na kitu baada ya chakula chake na cha mkewe cha siku hiyo na usiku wake. Tazama kipimo: siku na usiku. Hakusemwa baada ya kumaliza kujenga, wala baada ya kuweka akiba ya gari. Mwenye kiwanja cha ziada na mama anayelala njaa, kiwanja kinauzwa kama kingeuzwa kwa deni. Asiye na mali lakini ana nguvu za kufanya kazi, anatakiwa afanye.

Upande wa anayelishwa, lazima awe hana mali wala pato la kumtosha. Hapo watoto na wazazi wanaachana. Mtoto mdogo maskini, au mkubwa mwenye wazimu au ugonjwa wa kudumu, analishwa. Kijana wa miaka 25 mwenye afya anayeweza kupata kazi inayomfaa, wajibu wake umekwisha. Anayepewa baada ya hapo anapewa kwa mapenzi. Mzazi maskini haambiwi hivyo. Hata akiwa na nguvu, haambiwi akachuuze, mwanawe anamlisha.

Kiasi ni cha kutosha tu, hakuna vibaba. Kutosha kwa mzee mwenye kisukari si kutosha kwa mzee mwenye afya.

Watoto wakiwa zaidi ya mmoja? Walio sawa kwa ukaribu na kwa kurithi wanabeba pamoja, hata kama mmoja ana mali nyingi kuliko mwenziwe. Watoto wa kiume wawili, nusu kwa nusu. Wakiwa wa kiume na wa kike, wanazuoni wamekhitalifiana: wako wanaogawa kwa vichwa na wako wanaogawa kwa kadiri ya fungu la mirathi. Asiyekuwepo, fungu lake linachukuliwa katika mali yake. Kama haipatikani, kadhi hukopa kwa jina lake. Desturi ya kumwachia mzigo wote mtoto aliye karibu na nyumbani, au mwenye roho laini, haina asili yoyote.

Kisichotosha wote kinakwenda kwa mpangilio: nafsi yako, kisha mke, kisha mtoto mdogo, kisha mama, kisha baba, kisha mtoto mkubwa asiyejiweza. Mke kutangulia mama huwaumiza wengi kulisikia, na wengine hulitumia vibaya. Sababu yake si heshima. Heshima ya mama haina mshindani. Sababu ni kwamba haki ya mke ni badali ya mkataba, inabaki hata akiwa tajiri na hata muda ukipita, na ya mama inafuata haja yake. Mama mwenye nyumba za kupangisha hana matumizi ya wajibu kwa mwanawe. Mke mwenye nyumba za kupangisha anayo. Na mtangulio huu ni wa kibaba kimoja, nguo na nyumba inayofaa. Hauhusu simu mpya ya mke kutangulia dawa za mama.

Ndugu, wajomba, wapwa

Kwa Kishafii, kaka, dada, ami, shangazi, mjomba na mpwa hawana matumizi ya wajibu kwako. Mahanafi, wafuasi wa Imamu Abu Hanifa, wanapanua hadi jamaa maharimu, yaani wasioweza kuoana, sisi hatupanui. Hili halimaanishi kuwatupa. Kuunga udugu ni wajibu, na sadaka kwa jamaa ina thawabu mbili, ya sadaka na ya kuunga. Lakini unatoa kilichobaki, hukopi kwa riba ili umlipie shemeji kodi, na ukisema mwezi huu sina hujavunja haki ya mtu.

Kutowajibika huko kunafungua mlango ambao wafanyabiashara wengi hawautumii: zaka. Wazazi na watoto ambao matumizi yao yako juu yako huwapi zaka yako kwa jina la umaskini, maana utakuwa umejilipia deni lako mwenyewe. Kaka maskini, shangazi, mpwa yatima unaweza kuwapa, na ni bora kuliko kumpa wa mbali. Mke tajiri naye anaweza kumpa zaka mumewe maskini. Baba aliyezama kwenye deni la halali asiloweza kulilipa anaweza kulipiwa kutoka fungu la zaka la wenye madeni.

Tuweke hesabu. Dereva wa Tanga anapata shilingi 700,000 kwa mwezi. Kodi 120,000, chakula cha nyumba 270,000, umeme na maji 40,000, nauli 50,000, mahitaji ya watoto 70,000. Jumla 550,000, anabakiwa na 150,000. Mama yake mjane yuko Korogwe, hana pato, na matumizi yanayomtosha pamoja na dawa ni 160,000. Watoto wa mama huyo walio hai ni wawili wa kiume: dereva, na kaka yake mwenye duka Arusha. Kila mmoja anadaiwa 80,000, ingawa duka la kaka linaingiza mara tatu ya mshahara wa dereva. Kaka akitaka kubeba zaidi ni wema wake. Dereva anabakiwa na 70,000. Kuna mpwa wao yatima anayesoma sekondari. Dereva hawajibiki kwake, na anaweza kutoa chochote katika 70,000 hiyo. Duka la kaka lina bidhaa za milioni 40 zilizotimiza mwaka. Zaka yake ni asilimia 2.5, yaani milioni moja. Mpwa huyo ni maskini na hayumo katika wanaolazimika kwa kaka, kwa hiyo ada na sare za mwaka zinaweza kutoka humo zote, na mshahara wa dereva usiguswe. Familia nyingi zina mwenye zaka na mwenye haja ndani ya ukoo mmoja, na hawajawahi kukaa kikao kimoja.

Ushahidi na mahakama

Mke na mume wakibishana kama matumizi yalitolewa, asili ni kuwa hayakutolewa: mke huapa na kusadikiwa, na mume ndiye mwenye kuleta ushahidi. Wakibishana kama mke alijisalimisha, asili iko kwa mume. Kwa hiyo mume anayetoa fedha mkononi bila shahidi anajiweka hatarini. Atume kwa simu na ahifadhi ujumbe, na sehemu ya maelezo aandike ni ya nini. Laki tatu zilizotumwa bila maelezo, mwaka mmoja baadaye, mmoja ataita matumizi na mwingine ataita mtaji wa biashara. Mke naye aje na cheti cha ndoa, tarehe ya mwisho kupokea, orodha ya gharama halisi kwa mwezi na ushahidi wa pato la mume: hati ya mshahara, leseni ya duka, namba ya gari.

Mlango wa kuingilia unategemea unapoishi. Zanzibar ina Mahakama ya Kadhi chini ya sheria namba 9 ya 2017. Kenya, kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kinawapa makadhi mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pande zote zikiwa za Waislamu na zikikubali mamlaka hayo. Na kifungu cha 53 kinawapa baba na mama jukumu sawa kwa mtoto, wameoana au la. Hapo kuna tofauti na fiqhi, inayoanza na baba, na mzazi aijue kabla ya kuchagua mahakama. Tanzania Bara haina mahakama ya kadhi ya serikali. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 63, inamtaka mume kumpa mke malazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake, na inamtaka mke mwenye uwezo kumtunza mume aliyeshindwa kufanya kazi kwa maradhi ya mwili au akili. Madai ya mtoto yana Sheria ya Mtoto ya 2009, na ofisa ustawi wa jamii ni mahali pazuri pa kuanzia. Sheria hiyo inataja matibabu na elimu waziwazi, na mahakama huangalia pato la wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi.

Mlishaji akifa

Uliowalisha kwa hisani hawarithi kwa sababu ya kulishwa. Mpwa uliyemlea tangu ana miaka miwili hana fungu ukiwa na mtoto wa kiume. Njia yake ni wasia, na mpaka wa wasia ni theluthi. Mrithi haingii humo, ila warithi wengine wakikubali. Uandikwe ukiwa mzima, kwa mashahidi wawili, kwa kutaja kiasi au kitu chenyewe. Kuandika wanangu wamtazame si wasia unaotekelezeka.

Mpangilio wa mali ya marehemu ni mazishi, madeni, wasia, kisha mirathi, na matumizi ya mke yaliyokuwa hayajalipwa yamo kwenye madeni. Tuseme marehemu ameacha milioni 30, mke na watoto. Mazishi milioni 1. Mke amethibitisha kuwa alikuwa akidai matumizi ya milioni 5. Zimebaki milioni 24. Wasia kwa mpwa hauzidi milioni 8. Ukiwa umefika kiasi hicho, zinazogawanywa ni milioni 16, na thumni ya mke, yaani sehemu moja ya nane, ni milioni 2. Mke huyo anatoka na milioni 7, na wanaomwambia haki yake ni thumni basi hawakuhesabu ile 5 ya kwanza.